Mchakamchaka na Chuma: Nani Alitugawanya?

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, watu wawili walifika kwenye utepe baada ya kukimbia kilomita 42 na ushei, na saa ikawaandikia muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari ndiyo iamue. Alphonce Simbu wa Tanzania alikuwa amemtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, hata kope haipepesi kwa muda huo, na nchi ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Tangu hapo kila mwenye raba ni mwanariadha, na somo ambalo wengi wamelichukua ni fupi: kimbia, kisha kimbia tena. Walimu wa jimu nao hawakulala. Ukifungua simu unamkuta kijana wa miraba minne, fulana imemkaza kama ngozi ya ngoma, anakuonya kwamba kukimbia kunakula misuli, kwamba jogingi ya Jumamosi inaunguza kazi yote uliyoifanya Jumatatu. Naona kambi zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Ndani ya mwili wa mtu wa kawaida pumzi na nguvu havina ugomvi. Vimegombanishwa nje ya mwili, kwa jinsia, kwa umri na kwa mazoea ya mtaani, hata ikawa mazoezi ya nguvu yanafanywa na wale wanaoyahitaji kidogo kuliko wote, huku wanaoyahitaji hasa wamegawiwa mbio peke yake.

Ukitaka kuuona mgawanyo wenyewe, amka Jumamosi saa 11 alfajiri, Dar es Salaam. Daraja la Tanzanite limejaa fulana, kila kikundi na rangi yake. Kiongozi anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, gari la maji linafuata nyuma taratibu taa zikiwaka. Humo kuna akina mama wa miaka 50, wahasibu, wastaafu, na bwana mmoja aliyeambiwa na daktari apunguze kilo ambaye bado anavaa mkanda wa suruali juu ya bukta. Wakimaliza wanajinyoosha kidogo, wanapiga picha, wanakunywa madafu, wanaagana. Jioni ya siku hiyohiyo pita uchochoro wowote wa Manzese au Mbagala utege sikio. Utasikia chuma kikigonga sakafu. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuna bomba lililochomekwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, moja limepasuka likafungwa waya. Kuna benchi la mbao ambalo mto wake ni kipande cha godoro. Kuna vijana sita, wa miaka 22 hivi, na ratiba yao ni kifua na mikono, kesho mikono na kifua. Miguu wanaificha ndani ya trekisuti, na wana sababu. Mwambie mmoja wao akimbie hadi kituo cha daladala na kurudi, uone kama atakujibu kabla ya dakika tano.

Makundi haya mawili hayakutani kamwe, na kila moja lina fatwa yake ya kutokutana. Fatwa ya jimu ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu inajivika joho la sayansi, kwa hiyo nianze nayo. Haikuzuka hewani. Ina mwanzo, na mwanzo wenyewe ni wa heshima. Robert Hickson alikuwa mtafiti kijana wa Marekani aliyependa kunyanyua vyuma. Alipokwenda St. Louis kufanya kazi katika maabara ya John Holloszy, bingwa wa elimu ya misuli na ustahimilivu, alimkuta bosi wake ana desturi ya kukimbia alasiri, naye akaungana naye. Vyuma hakuviacha. Baada ya muda akaona mwili unapungua na nguvu zinamtoka, ilhali jimu anakwenda kama zamani. Alipopata maabara yake mwenyewe aliligeuza fumbo hilo kuwa utafiti, na mwaka 1980 akachapisha majibu.

Aliweka makundi matatu kwa wiki 10. La kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu, hasa ya miguu, siku 5 kwa wiki. La pili lilifanya ya pumzi, siku moja baiskeli na siku nyingine mbio, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. La tatu lilibebeshwa mzigo wote wa makundi mawili ya kwanza bila kupunguziwa hata siku moja. Kundi la chuma liliongeza nguvu kwa takriban asilimia 44. Kundi la mchanganyiko lilipanda nalo bega kwa bega hadi kama wiki ya saba, likasimama, kisha wiki mbili za mwisho likaanza kuteremka, likaishia na ongezeko la asilimia 25 hivi. Hapo ndipo lilipozaliwa neno la mwingiliano, kwamba zoezi la pumzi linaingilia zoezi la nguvu. Miaka ya baadaye wataalamu wa chembe wakalipa mwili na damu: wakaonyesha kwamba ndani ya msuli kuna protini iitwayo mTOR inayochochea ujenzi, na nyingine iitwayo AMPK inayoamka nishati ikipungua na kuuzuia ujenzi huo. Ni maelezo mazuri, yanachoreka ubaoni kwa mishale miwili, na ndiyo maana yamepita kila mdomo. Yule kijana wa kwenye simu anayetaja mTOR hadanganyi. Amesoma nusu ukurasa tu.

Nusu iliyobaki ni hii. Siku 5 ukijumlisha na siku 6 unapata vipindi 11 vya mazoezi makali kwa wiki moja, vingi vikiangukia miguu ileile. Kati ya watu unaowafahamu, nani anafanya vipindi 11? Mwana jogingi wa kawaida anakimbia mara moja kwa wiki, mbili akiwa na bidii, na Ramadhani ikiingia anapumzika kabisa. Halafu hata hao waliosulubiwa na Hickson walimaliza wiki 10 wakiwa na nguvu robo zaidi ya walizoanza nazo. Walichopungukiwa ni sehemu ya faida, mtaji wao haukuguswa. Na kuna jambo jingine katika utafiti uleule ambalo wakimbiaji wangelichapisha kwenye fulana kama wangelijua: pumzi ya kundi la mchanganyiko iliongezeka sawasawa na ya kundi lililofanya pumzi tu. Kwa hiyo hata katika utafiti unaotumiwa kuwatisha watu, chuma hakikumwibia mkimbiaji chochote.

Zaidi ya miaka 40 imepita na wengine wengi wamelirudia swali. Mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake walichapisha uchambuzi uliozikusanya tafiti 43 za aina hiyo, na hitimisho lao halina kigugumizi: kuchanganya pumzi na nguvu hakukupunguza ukuaji wa misuli, wala hakukupunguza nguvu ya juu kabisa ya mtu. Kilichopungua kidogo ni nguvu ya ghafla, ile ya kuruka na kufyatuka, hasa mazoezi yote mawili yanapobanwa katika kipindi kimoja. Hapa hoja ya jimu ina uzito na nauheshimu. Mrukaji, mkimbiaji wa mita 100, mcheza wavu anayeishi kwa kuruka, hawa wana haki ya kutenganisha, na wakitenganisha kwa saa kadhaa au kwa siku tatizo linapungua sana. Pia kukimbia kwenye lami kunaichosha miguu kuliko baiskeli, kwa hiyo aliyepanga skwati nzito (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) Jumapili asishangae ikimlemea baada ya kilomita 21 za Jumamosi. Lakini huo ni uchovu, na dawa ya uchovu ni kupanga ratiba vizuri. Mtu mwenye kitambi na kazi ya mezani akisema hakimbii ili asipoteze misuli anafanana na mtu anayekataa kuoga kwa kuogopa kuzama.

Nihamie kambi ya pili, ya watu wangu wa mbio, ambao fatwa yao ni kwamba chuma kitawafanya wazito. Nirudi Tokyo kidogo. Sisemi Simbu alishinda kwa sababu ya jimu. Alishinda kwa miaka mingi ya kula barabara, tangu shaba ya London mwaka 2017 na kabla yake. Ila zitazame tena zile mita za mwisho. Baada ya saa mbili na ushei, pumzi ya wote wawili ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake na kuwafikisha pale pamoja. Kilichobaki ni nani ataisukuma ardhi kwa nguvu zaidi kwa hatua chache. Hiyo ni kazi ya misuli. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake wa Finland walichukua wakimbiaji waliokwisha kubobea, wakawaondolea sehemu ya mbio zao, karibu theluthi, na badala yake wakawapa mazoezi ya kuruka, mbio fupi za kasi, na vyuma vyepesi vinavyosukumwa haraka. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulikuwa umepungua, ilhali uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni haukubadilika. Walijifunza kutumia kidogo kwenda mbali. Kule Kaptagat, Kenya, Eliud Kipchoge na wenzake wamepigwa picha mara nyingi wakiwa juu ya mikeka, mipira ya kunyumbuka imewazunguka magoti, wanafanya mazoezi ya nyonga na mgongo. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuka baunsa.

Na kwa nini twende mbali? Simbu ni askari wa JWTZ, na jeshi halijawahi kuugawa mwili mapande. Aliyepita JKT anakumbuka: alfajiri mchakamchaka, hapohapo pushapu, halafu jembe, halafu kubeba kuni au matofali, jioni kwata. Wa rika langu tuliosoma shule za msingi za serikali tulipata toleo lake dogo, tunakimbia kwa kuimba tukiwa na mifagio mikononi, kisha foleni ya ndoo kwenda kumwagilia bustani ya shule. Hakuna mwalimu aliyeziita kadio na nguvu. Tulizitenganisha baadaye, tulipoanza kununua mazoezi. Jimu ikauzwa kama mahali pa kutengeneza umbo, na umbo linauzwa kwa vijana. Jogingi ikauzwa kama afya na urafiki, na hiyo ikawafaa watu wazima. Tangu mlangoni kila mmoja anajua akafanye nini. Katika jimu nyingi mama akiingia anaelekezwa kwenye mashine ya kukimbilia bila hata kuulizwa amefuata nini.

Ubaya wa mgawanyo huu si wa urembo, ni wa hospitali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wenye kisukari ni kama asilimia 9, na wenye shinikizo la juu la damu ni kama robo. Sasa, msuli si pambo. Baada ya mlo, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu inakwenda kuhifadhiwa kwenye misuli. Ni ghala. Mwenye ghala dogo hata akifagia uwanja kila siku, mavuno yakija yatamwagika nje. Huko Louisiana, Marekani, watafiti waliwachukua watu 262 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakawagawa kwa miezi 9: wa pumzi tu, wa nguvu tu, wa mchanganyiko, na wasiofanya. Muda wa mazoezi kwa wiki ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote matatu yanayofanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa kiwango cha kuhesabika katika kundi la mchanganyiko peke yake. Si kwamba walifanya zaidi. Waligawa muda uleule.

Kabla vijana wa chini ya mwembe hawajashangilia, na wao wana lao. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha Iowa State: watu 406 wa miaka 35 hadi 70, wanene na wenye presha iliyopanda, saa moja mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Waliofanya nguvu tu, mwaka mzima, hawakuwapita wasiofanya kitu katika alama ya jumla ya hatari ya moyo, ile inayojumlisha presha, lehemu, sukari na mafuta ya mwili. Waliofanya pumzi tu walipata nafuu. Na waliofanya nusu saa ya pumzi na nusu saa ya nguvu walipata nafuu ileile ya waliofanya saa nzima ya pumzi, huku nguvu za misuli zikiwa faida juu yake. Kwa hiyo baunsa wa miaka 40 mwenye shingo nene anayehema akipanda ngazi mbili asijidanganye na kioo. Kifua anacho, ila moyo uliomo ndani yake haujawahi kwenda mbio.

Kwa wazee ndipo suala linapokuwa zito zaidi. Jaribio la Dennis Villareal na wenzake, la mwaka 2017, liliwahusu watu 160 wa miaka 65 na zaidi, wanene, waliokuwa wanapunguza uzito kwa chakula. Wote walipungua. Ila walioongeza mazoezi ya pumzi tu walipoteza misuli na uimara wa mifupa kuliko walioongeza nguvu, na kundi la mchanganyiko ndilo lililoboresha zaidi uwezo wa kujimudu: asilimia 21, dhidi ya 14 kwa kila moja ya yale mawili. Soma hilo huku ukimfikiria yule mama wa fulana ya njano anayefurahia mizani kumwonyesha kilo 6 pungufu. Kilo za nini? Mizani haisemi.

Nina shangazi yangu Tanga, ana miaka 63, hakosi jogingi ya Jumamosi na sokoni anakwenda kwa miguu. Sikukuu ya Idd iliyopita alikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nazi tatu, anapiga stori na mikono inakwenda yenyewe. Alipomaliza aliweka sinia pembeni, akaegemea mbele ainuke, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu alitia kiganja sakafuni, akainua kiuno kwanza, akanishika bega, ndipo akasimama, chicha imemganda kwenye kanga. Akacheka. "Miguu ya kutembelea ninayo, mwanangu. Ya kuinukia ndiyo sina." Sijawahi kukutana na maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya pumzi na nguvu. Wataalamu wa viungo wana kipimo kama hicho, wanahesabu mtu anainuka kwenye kiti mara ngapi kwa sekunde 30 bila kushika, maana asiyeweza kuinuka ndiye anayekaribia kuanguka. Shangazi alijipima mwenyewe kwa mbuzi. Na mbio zake zote za Jumamosi hazikuwa zimemfundisha kuinuka, kwa sababu hakuna mahali kwenye lami ya Tanga anapotakiwa kuchuchumaa na kusimama.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni kwamba haya ni mambo ya watu wa mjini. Sisi ni watu wa sulubu. Takwimu zinaiunga mkono. Uchambuzi wa dunia uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta Uganda na Msumbiji ndizo zenye watu wachache kuliko zote wasiotimiza kiwango cha mazoezi, kama asilimia 6, na Tanzania haikuwa mbali, wakati Kuwait walikuwa asilimia 67. Mama wa Mbinga anayelima mteremkoni na kushuka na debe la kahawa kichwani hahitaji mimi nimweleze skwati. Fundi anayebeba zege hadi ghorofa ya tatu kwa ndoo ameshachanganya pumzi na nguvu kuliko mwanamichezo yeyote wa Masaki. Nakubali, na ningependa wanaopanga kampeni za mazoezi walikumbuke hilo kabla ya kuhubiri jogingi kijijini. Lakini hoja ina mwisho wake. Watoto wa mama huyo wako Dar, mmoja ni wakala wa fedha za simu, anakaa kwenye kibanda saa 12 kwa siku; mwingine anaendesha bodaboda, amekaa pia. Bomba la maji limefika uani, na tunashukuru. Debe limeondoka kichwani na hakuna kilichochukua nafasi yake. Isitoshe sulubu si mazoezi kamili: mzigo haupandi kwa kipimo, siku ya kupumzika haichagui mwenye mwili, na mgongo unaobeba upande mmoja miaka 20 unalipa upande huohuo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika kuliko zote, ni ile ya kuwaambia wanawake kwamba chuma kitawaotesha vifua vya wanaume. Sina subira nayo. Vijana wa kiume wenye homoni zote za ujana, wanaokula ugali wa watu wawili na kunyanyua siku 5 kwa wiki, wanahangaika mwaka mzima kuongeza sentimita mbili za mkono, na wengine wanaishia kununua makopo ya unga wa protini yasiyojulikana yametoka wapi. Leo mama wa miaka 50 anyanyue dumu la maji mara mbili kwa wiki, ghafla awe baunsa? Mwanamke huyohuyo alikuwa anabeba ndoo ya lita 20 kichwani akiwa na miaka 15 na hakuna aliyemwonya kuhusu umbo lake. Baada ya kukoma hedhi mifupa yake inapungua kwa kasi kuliko ya mumewe. Kama kuna mtu mmoja katika nyumba hiyo anayepaswa kushika chuma kwanza, ni yeye.

Muda je? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya pumzi, au 75 hadi 150 ya mazoezi makali ya pumzi, ukiwa unahema kwelikweli, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa yote. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza siku 3 za mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba na ya nguvu. Sehemu ya kwanza tumeisikia mpaka imetuchosha. Ya pili haifiki hata kwenye mabango. Na haihitaji mengi. Uchambuzi wa watafiti wa Japani wa mwaka 2022 ulikuta watu wanaofanya mazoezi ya misuli wana hatari pungufu ya kufa mapema na ya kupata maradhi kama ya moyo, saratani na kisukari, kwa kati ya asilimia 10 na 17, na kwamba nafuu hiyo inafikia kilele kwenye dakika 30 hadi 60 tu kwa wiki. Nusu saa kwa wiki! Hiyo ni foleni ya Ubungo. Wanaochanganya na pumzi walikuwa na nafuu kubwa zaidi.

Kiutendaji hakuna uchawi. Mwenye siku tatu anaweza kukimbia au kutembea kwa kasi siku zote tatu, na katika siku mbili aongeze dakika 20: kukaa na kuinuka kwenye kiti, pushapu za ukutani kisha za sakafuni, kuinua dumu la lita 10 kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kuvuta kitu kuelekea kifuani. Ikiwa rahisi, ongeza maji. Kama shabaha yako ni nguvu, anza na nguvu ukiwa hujachoka. Kama ni mbio za mwezi ujao, anza na mbio. Kosa la kuepuka kwa dhati ni kubana pumzi unaponyanyua. Hilo linapandisha presha ghafla, na mwenye presha ambayo haijatulia amwone daktari kwanza. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Mengine ni ya kubishania kwenye simu.

Linalonisumbua zaidi ni la kisera, na ni dogo kiasi cha kuudhi. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Kigali nao mwaka huohuo walianza Jumapili zisizo na magari. Mambo mazuri, na yote yaligeuka mbio, kwa sababu mbio zinapendeza kwenye picha na waziri anaweza kuzianzisha kwa kipenga. Siku hizi kila benki na kila mkoa una "marathoni", hata ya kilomita 5, jambo ambalo kamati ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908 iliyotupa zile kilomita 42.195 ingelishangaa. Hakuna anayepinga. Ila vikundi hivi vimekwisha kufanya kazi ngumu kuliko zote, ya kumtoa mtu mzima kitandani saa 11 alfajiri bila kumlipa, na kisha vinamwachia aende zake mwili ukiwa umepata moto, misuli iko tayari. Zile dakika 15 za kujinyoosha na kupiga picha ndizo ninazozitaka. Mwalimu hayuko mbali, yuko uchochoroni kwenye makopo ya zege, ana nguvu za bure na anajua skwati hata kama yeye mwenyewe anaikwepa. Kikundi kimlipe nauli na chai afundishe, afundishwe kwanza na mtaalamu wa viungo wa hospitali ya wilaya namna ya kuwalinda wenye magoti mabovu, na sharti la kulipwa liwe kwamba naye amekimbia na kikundi tangu mwanzo.

Nimempelekea shangazi wazo hili. Amesema atalifikisha kwenye kikao cha kikundi, lakini wenzake watamuuliza kwanza kama fulana zitabadilishwa rangi.